Wote tunaangalia omo, kumbe mambo yako tezi

Nilikuwa nafanya simulesheni, yaani kuiga kwenye kompyuta jinsi maji yanavyoizuia boti, na namba ya kwanza niliyopata ilikuwa nyutoni 41 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), na niliipenda sana. Kompyuta ilikesha usiku kucha feni zikilia kama inataka kuruka, mi nikaamka alfajiri hata uso sijanawa, nikafungua grafu nikakuta mstari umetulia vizuri kabisa. Yaani boti ya mita sita, uzito kilo 900 na watu wake ndani, inakwenda noti 4, yaani kama mita 2 kwa sekunde, na maji yanaizuia kwa nguvu ndogo kama ya kubeba mzigo wa kilo nne tu! Mpango wetu ni kuifunga mota ya umeme, kwa hiyo namba ndogo maana yake betri ndogo, na betri ndogo maana yake furaha. Nikatengeneza picha, ile ya rangirangi, bluu kwenye mabonde ya mawimbi, nyekundu kwenye vilele, nikamtumia mzee aliyeiunda hiyo boti.

Akanijibu neno moja: "Ndogo."

Nikadhani anasema picha ni ndogo, nikamtumia kubwa zaidi. Akapiga simu. "Kijana, sisemi picha. Nasema hiyo nguvu. Boti za umbo hili nimezikokota kwa kamba miaka na miaka, kamba hukaza kuliko hivyo."

Nilinuna kidogo, sifichi. Ila nikachukua karatasi na kalamu, na hii hesabu ya karatasi ningeifanya kabla hata ya kuwasha kompyuta ningeokoa wiki mbili za maisha yangu. Maji yanaizuia boti kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni msuguano. Maji yana mnato, yale yanayogusa ubao yanashikamana nao na kwenda nao, yanayofuata yanaburutwa kidogo, yanayofuata kidogo zaidi, mpaka ufike mbali kiasi ambapo maji hayana habari kwamba kuna chombo kimepita. Hilo tabaka linaloburutwa linaanza jembamba kama karatasi kule omo, yaani mbele ya chombo, lakini likifika tezi, yaani nyuma, kwenye boti kama yetu kwa noti 4 limeshakuwa nene kama sentimita nane hivi. Njia ya pili ni presha, yaani maji kusukuma bodi moja kwa moja, na humo ndani ndo kuna mawimbi. Tutaifikia, na hiyo ndo yenye visa.

Msuguano unakadirika kwa mkono. Mwaka 1957 watu wa matangi ya majaribio ya meli duniani, mkutano wao unaitwa ITTC, walikubaliana fomula moja fupi ambayo mpaka leo inatumika: tafuta namba ya Reynolds, chukua logi yake, toa 2, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, afu gawanya 0.075 kwa hicho ulichopata. Namba ya Reynolds ni kasi mara urefu wa boti kwenye maji gawanya kwa mnato. Kwetu ni mita 2.06 kwa sekunde mara mita 6, gawanya kwa 0.000001, unapata kama milioni 12. Fomula inakupa 0.0029. Zidisha kwa nusu ya uzito wa maji wa kila mita ya ujazo, kwa kasi mara kasi, kwa eneo la bodi linaloloana ambalo kwetu ni mita za mraba 9, na jibu ni nyutoni 55.

Sasa tazama. Msuguano peke yake 55. Simulesheni yangu inasema msuguano na mawimbi na kila kitu kwa pamoja ni 41. Ni kama kuambiwa gunia lililojaa mchanga lina uzito mdogo kuliko mchanga uliomo ndani yake.

Kosa lenyewe ni la aibu, ila nalisema maana najua siko peke yangu. Boti kushoto na kulia ni pacha, kwa hiyo watu wote wanaoiga maji kwenye kompyuta wanaiga upande mmoja tu, katikati wanaweka kama kioo, kazi inapungua nusu. Afu mwisho unazidisha mara mbili. Mi hiyo "afu" ndo niliisahau. Nikazidisha, ikawa 82. Nikampigia mzee, akasema "inakaribia", nikajua tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza, na kilichonidanganya ni ile ile picha. Unajua ule mkia wa mawimbi unaofunguka nyuma ya chombo kama herufi V? Lord Kelvin alionyesha mwaka 1887 kwamba kwenye maji ya kina kirefu huo mkia unafunguka kwa nyuzi 19 na nusu kila upande, iwe ni bata anaogelea au meli ya mizigo, kasi haijalishi (kuna visa vya boti za kasi sana mkia kuonekana mwembamba zaidi, tuache hilo). Nikapima kwenye picha yangu: nyuzi 19 na ushee. Nikapima na umbali kati ya kilele na kilele, ambao kwa noti 4 unatakiwa uwe kama mita 2.7, nikakuta ndo huo huo. Basi nikasema hapa fizikia yote imekaa. Kumbe mawimbi yanaweza kuwa sahihi kabisa machoni na nguvu kwenye bodi ikawa ya uongo, kwa sababu mawimbi yanatokea eneo kubwa ambalo hata meshi ya hovyo inaliona, wakati msuguano unazaliwa kwenye milimita chache zinazogusa ubao.

Niseme hapa meshi ni nini kwa asiyejua. Kompyuta haijui maji. Inachojua ni visanduku. Unachukua maji na hewa vinavyoizunguka boti unavikatakata kuwa seli, mi nilianza na milioni 1.2, na kwenye kila seli inashika namba chache tu: presha, kasi kwa pande tatu, na kiasi gani cha seli ni maji na kiasi gani ni hewa. Afu inasogeza muda kidogo kidogo ikitafuta jibu la milinganyo ya mwendo wa maji, ya Navier na Stokes, ambayo Navier aliianzisha mwaka 1822 na Stokes akaikamilisha 1845. Hicho kiasi cha maji kwenye seli ndo ujanja wa Hirt na Nichols wa mwaka 1981: badala ya kuufuata uso wa maji kama kitambaa kinachokunjamana, unauliza tu kila seli, we una maji kiasi gani? Moja ni maji tupu, sifuri ni hewa tupu, katikati ndo uso. Ni akili nzuri sana, mawimbi yanaweza kuvunjika na kurukaruka na programu haijali. Natumia programu inaitwa OpenFOAM, ni ya bure, na ina roho yake, ikikukataa inakukataa kwa ukurasa mzima wa maandishi.

Tatizo likaja hapo hapo kwenye "katikati". Safari hii nikaitenganisha ile 82, nikakuta msuguano 43 na presha 39. Lakini karatasi inasema msuguano 55! Kwa bodi ya kawaida simulesheni na ile fomula ya 1957 huwa haziachani sana, asilimia chache hivi. Hapa zimeachana zaidi ya asilimia 20. Siku mbili nikawa nabadilisha mambo ovyo, modeli ya msukosuko (ya kukadiria vurugu za maji) hii, modeli ile, nikasoma hiki, nikasoma kile, mpaka usiku mmoja nikaigeuza picha nikaiangalia boti kwa chini, pale mkukuni, pale ambapo hakuna mtu anapiga picha kwa sababu hapana mawimbi wala uzuri wowote. Nikapaka rangi kile kiasi cha maji. Chini ya boti ilitakiwa iwe moja kila mahali. Nikakuta michirizi ya 0.8, 0.75, sehemu nyingine 0.7, inaanzia omo na kutambaa chini ya bodi yote mpaka nyuma.

Boti yangu ilikuwa inateleza juu ya povu ambalo halipo duniani.

Inavyotokea ni hivi. Pale omo inapopasua maji, uso wa maji unakutana na ubao kwa pembe kali, na seli za pale zikiwa kubwa au hatua za muda zikiwa ndefu, programu inashindwa kusema hapa maji yanaishia hapa hewa inaanzia, inachanganya. Ule mchanganyiko unakamatwa na lile tabaka linaloburutwa, unaingia chini ya boti, na ukishaingia hautoki. Maji ni mazito kama mara 830 kuliko hewa, kwa hiyo seli yenye hewa robo ni karibu sawa na maji mepesi robo, na msuguano unashuka kwa kiasi hicho hicho. Kuna meli za kweli zinapulizia viputo vya hewa chini ili zipunguze msuguano, ila zenyewe zina mashine ya kupuliza. Yangu ilikuwa inapuliziwa na uzembe.

Dawa yake si ya kishujaa. Niliziminya seli za pale omo kwenye usawa wa maji, nikapunguza hatua ya muda. Kuna sheria ya Courant, Friedrichs na Lewy ya mwaka 1928, enzi ambazo "kompyuta" alikuwa ni mtu mwenye kalamu, kwamba kwa njia nyingi za hesabu hizi maji yasiruke zaidi ya seli moja katika hatua moja. Seli ya sentimita 2 na maji ya mita 2 kwa sekunde maana yake hatua ya sekunde 0.01 hivi, si zaidi. Programu inaweza kukuruhusu uvuke, ina njia zake za kutuliza mambo isilipuke, na mi nilikuwa nimejiruhusu kuvuka mara tano kwa sababu nina haraka. Nikarudi kwenye adabu. Michirizi ikaisha, msuguano ukapanda mpaka 56, presha ikawa 38. Jumla 94.

Hapa sasa ndo tunaingia kwenye presha, na hapa ndo mi mwenyewe nilibadilika namna ninavyoitazama boti.

Ukimwuliza mtu wa kawaida maji yanaizuia boti wapi, atakuonyesha mbele. Ndo maana tunasifia omo kali, tunachora omo kali, hata mtoto akichora boti anaanzia pale. Lakini mwaka 1752 Mfaransa d'Alembert alifanya hesabu ya kitu kinachopita ndani ya maji yasiyo na mnato, akapata jibu la kushangaza: ukinzani sifuri. Si mdogo, sifuri. Kwa sababu maji yanapokutana na kitu mbele yanakisukuma nyuma, sawa, ila yakishapita ubavuni yanakuja kukutana tena kule nyuma, na yakikutana yanakisukuma mbele, kwa nguvu ile ile. Vinafutana. Kila mtu alijua si kweli, chombo kikiachwa kinasimama, ila kosa kwenye hesabu halikuonekana, na jambo hilo likabaki kama doa mpaka Prandtl alipokuja mwaka 1904 kueleza lile tabaka la mpakani: mnato ni mdogo lakini unayachosha maji yaliyo karibu na ubao, yakifika nyuma hayana nguvu ya kurudi kukutana vizuri, ule msukumo wa mbele unapungua.

Soma tena hiyo. Tezi inaisukuma boti mbele. Ukinzani wa presha si ule unaoupata omo, ni tofauti kati ya unachopoteza omo na unachorudishiwa tezi.

Nikaenda kuangalia kwenye boti yetu, nikaikata bodi kwa hesabu katikati. Nusu ya mbele inasukumwa nyuma kwa nyutoni 270 hivi (nyingi yake ni ile presha ya kawaida ya kina cha maji, hata boti ikisimama ipo). Nusu ya nyuma inasukumwa mbele kwa 232. Tofauti ndo ile 38 yangu. Sasa fikiria kompyuta ikikosea tezi kwa asilimia 3 tu, kitu ambacho kwa hesabu za maji ni kosa la kistaarabu, hizo ni nyutoni 7, na 7 kwenye 38 ni karibu asilimia 20. Ni kama kutaka kumpima paka kwa kupima lori likiwa na paka, afu lori bila paka.

Basi ikabidi nizisage seli za kule nyuma. Na ukipunguza ukubwa wa seli nusu kwa pande zote tatu, idadi inakuwa mara nane, na ile sheria ya 1928 inataka hatua za muda nazo ziwe nusu, kwa hiyo kazi inakuwa mara kumi na sita. Sikuwa na ubavu huo, nikaenda kwa nusu safari, kila mara kazi inaongezeka mara nne. Seli milioni 1.2, usiku mmoja, presha 38. Seli milioni 3.4, siku mbili kasoro, presha 33. Seli karibu milioni 10, wiki nzima kasoro kidogo na leptopu haiguswi na mtu, presha 31. Msuguano haukutikisika, 56 pale pale. Inashuka lakini kwa hatua zinazopungua, 5 afu 2, kwa hiyo unaona inaelekea wapi, nikasimama hapo. Jumla 87.

Mzee akasema tuiburute. Sawa.

Huu mtindo si mpya. William Froude, Mwingereza, mwaka 1871 aliiburuta meli nzima ya kivita, HMS Greyhound, kwa kutumia meli nyingine, Active, kamba ikafungwa kwenye mlingoti uliotokezwa ubavuni ili Greyhound isipite kwenye maji yaliyochafuliwa na mwenzake. Alikuwa anataka kuthibitisha kwamba modeli ndogo inaweza kutabiri chombo kikubwa. Ugumu ni kwamba kitu kidogo hakiwezi kuwa mkweli kwa mambo yote mawili. Boti yetu ukiitengeneza ya mita moja, ili mawimbi yafanane na ya kweli uivute mita 0.84 kwa sekunde, lakini ili msuguano ufanane inabidi uivute zaidi ya mita 12 kwa sekunde, kitu ambacho hata hakina maana, modeli itaruka. Froude akaamua kutenganisha: msuguano akaupima peke yake kwa kuburuta mbao bapa, mawimbi akayapima kwa modeli, afu akajumlisha. Kabla ya hapo alikuwa na modeli mbili, Swan na Raven, moja ya mviringo mviringo, nyingine kali, na hakuna iliyoshinda kwenye kasi zote. Mi huwa nawakumbusha watu wa omo kali hiyo habari.

Sisi hatukuwa na mlingoti, tulikuwa na kamba ndefu ya mita thelathini na tukaishika boti pembeni ya mkia wa maji. Mizani ya springi tukaifunga omo, simu ikaielekea inarekodi. Maji yametulia, noti 4 kwa GPS, kwenda na kurudi ili upepo ujifute. Mshale ulikuwa unacheza kama umelewa, 90, 130, 105, nikaja kuchukua wastani nyumbani kwa kuhesabu fremu moja moja: 110.

Si 87. Nikaanza kutafuta visingizio, na vingine ni vya kweli: bodi imeota utelezi, kuna upepo, springi si chombo cha maabara. Lakini nyutoni 23 ni nyingi. Nikarudia video, na kwenye kona ya picha nikatuona. Mzee amekaa nyuma kabisa ameshika kasia la kuongozea. Mi nimekaa kando yake, kwa sababu ndo tunapozungumzia. Betri nazo ziko nyuma kwa sababu mota iko nyuma. Na ule ubao wa tezi, wa kufungia mota, ambao kwenye kompyuta niliuweka unagusa maji kwa juu juu tu, umezama kama sentimita tano.

Hiyo nayo inahesabika kwenye karatasi. Ubao una upana wa mita 1.2, umezama mita 0.05. Kwa kasi ile maji hayawezi kupinda kuufuata, yanaachana nao moja kwa moja, nyuma yake pamekauka, unaona shimo la maji. Presha ya wastani iliyotakiwa kuwa inausukuma mbele ni kama nyutoni 245 kwa mita ya mraba, zidisha kwa eneo, ni karibu nyutoni 15. Ile zawadi ya d'Alembert tumeikataa wenyewe kwa kukaa vibaya.

Nikaiinamisha boti kwenye kompyuta kama ilivyokuwa siku ile, nikaiacha tena wiki. 104. Hizo 6 zilizobaki nawaachia utelezi na upepo bila kinyongo. Afu nikasogeza betri mbele mita moja na nusu na mi mwenyewe nikajikalisha katikati, nikairudisha: 89. Tofauti ni nyutoni 15, ambazo kwa mita 2.06 kwa sekunde ni wati 31, na hapo hujaingiza hasara za mota na propela.

Nikampelekea mzee, safari hii bila picha, namba tatu tu kwenye karatasi. Alikuwa ameshapigilia kitanda cha betri kule tezi, mbao nzuri, ameshapaka na rangi. Akaitazama karatasi, akatazama kitanda, akaenda kuchukua nyundo ya kung'olea misumari.